Mfano upi utangulie? Mpangilio wa mifano na fahamu ya mwanafunzi

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemneemesha mwanadamu kwa akili, kalamu na ubainifu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), mwalimu wa walimu, pamoja na aali zake, masahaba zake na wote waliofuata njia yao kwa wema.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa dhahiri linawahusu walimu peke yao, lakini kwa hakika linamgusa kila mzazi anayempeleka mtoto wake madrasa, na kila Muislamu ambaye siku moja atahitaji fatwa, hesabu ya mirathi au imamu wa kumswalisha. Jambo lenyewe ni mpangilio wa mifano wakati wa kufundisha: mfano upi utangulie, upi ufuate, ipi ikae pamoja na ipi itenganishwe.

Tuchukue walimu wawili. Wote wana kitabu kimoja, wanafunzi wa umri mmoja, na mifano ileile kumi na miwili ya kufafanua somo moja. Wa kwanza anaitoa mifano hiyo kama ilivyomjia kichwani. Wa pili ameipanga usiku uliotangulia, akijua kwa nini huu ni wa kwanza na ule ni wa mwisho. Maneno yao ni yale yale na muda wao ni ule ule, lakini wanafunzi wao watatoka na fahamu mbili tofauti. Kwa bahati mbaya, mwanafunzi wa yule mwalimu wa kwanza akishindwa, huitwa mzito wa kichwa, huchapwa, hukata tamaa, na mwishowe huacha chuo. Twauliza: je, mzito ni mtoto au ni mpangilio wa somo?

MPANGILIO NI SEHEMU YA UJUMBE

Asiyejali mpangilio na aiangalie Qur'ani Tukufu ilivyoteremka. Haikushuka kwa mkupuo mmoja. Ilishuka katika kipindi cha takriban miaka 23, na hekima yake imebainishwa ndani ya Kitabu chenyewe katika Suratul Israi, aya ya 106, na Suratul Furqan, aya ya 32: watu wasomewe kidogo kidogo, na moyo wa Mtume (S.A.W.) uimarishwe.

Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.), alilifafanua jambo hili kwa namna inayopasa kuandikwa katika kila ukumbi wa mafunzo ya ualimu. Katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari, alieleza kwamba sura zilizotangulia kushuka zilikuwa ni zile fupi zenye kutaja Pepo na Moto, na ni baada ya watu kuukubali Uislamu ndipo zikashuka aya za halali na haramu. Akabainisha kwamba lau amri ya kwanza ingekuwa ni kuacha ulevi, watu wangekataa katakata. Amri ni ile ile, lakini kutangulia au kuchelewa kwake ndiko kunakoamua kama moyo utaipokea.

Na ulevi wenyewe haukuharamishwa kwa neno moja. Suratun Nahl, aya ya 67, ilitofautisha kwa upole baina ya kileo na riziki njema vinavyotokana na matunda. Suratul Baqara, aya ya 219, ikataja kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa. Suratun Nisaa, aya ya 43, ikazuia kuikaribia Swala katika hali ya ulevi. Hatimaye Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ikafunga mlango moja kwa moja. Hizi ni hatua nne, na kila hatua iliandaa akili na moyo kwa ajili ya hatua inayofuata.

Kadhalika Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal (R.A.) kwenda Yemen, hakumkabidhi orodha ya mambo bila ya utaratibu. Alimwelekeza aanze na shahada. Wakiikubali, awafahamishe Swala tano. Wakiitii hiyo, ndipo awafahamishe Zaka inayotolewa na matajiri wao na kurejeshwa kwa mafukara wao. Neno "wakikubali" ndiyo nguzo ya mafunzo haya, kwani mwalimu hahami hatua mpaka iliyotangulia imeshika.

KINACHOJULIKANA KABLA YA KISICHOJULIKANA

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), bedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akiwa na shaka, kwani mkewe alikuwa amezaa mtoto mweusi. Mtume (S.A.W.) hakuanza kwa kumweleza habari za nasaba. Alimuuliza kama ana ngamia. Akajibu kuwa anao. Akamuuliza rangi zao. Akajibu ni wekundu. Akamuuliza kama yumo mwenye rangi ya kijivu, akajibu yumo. Akamuuliza rangi hiyo imetoka wapi; bedui akasema huenda ni mshipa wa asili umeivuta. Hapo ndipo akaambiwa kwamba huenda na mtoto wake ni hivyo hivyo.

Hebu tuyatazame maswali haya kwa jicho la mwalimu. Ngamia ametangulia, mtoto amefuata. Lau mtoto angetangulia, bedui angekuwa katika ghadhabu na kujitetea, na mfano wa ngamia ungekuja ukiwa umechelewa. Kwa kuanza na kile anachokijua vizuri na ambacho hakimuumizi, alilitamka mwenyewe jibu la tatizo lake kabla hajatambua kuwa ndilo jibu. Ndiyo maana Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Elimu, akanukuu kauli ya kwamba mwanachuoni wa kweli ni yule anayewalea watu kwa elimu ndogo kabla ya kubwa.

Tukirudi katika madrasa zetu za mwambao na bara, wengi huanza fiqhi ya Kishafii kwa Safinatun Najaa, kisha Matni ya Abu Shujaa. Abu Shujaa anafungua kitabu chake kwa maji yanayofaa kujitwaharishia, nayo ni saba: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya barafu ya mvua ya mawe. Mwalimu hana ruhusa ya kubadili matni, lakini anayo ruhusa, bali ni wajibu wake, kupanga mifano ya kuifafanua. Mtoto wa Bagamoyo au Lamu aanziwe na kisima anachoteka kila siku, na bahari anayoiogelea. Theluji, ambayo hajawahi kuigusa, haiwezi kuwa mlango wake wa kuingilia. Itamjia mwishoni, akiwa ameshajua anachokitafuta.

MFANO WA KWANZA HUWEKA MHURI

Akili ya mwanadamu huufanya mfano wa kwanza kuwa ndiyo sura ya jambo lote. Tumfundishe mtoto maana ya sadaka, na mfano wa kwanza tuliompa uwe ni tajiri aliyetoa fedha nyingi. Mfano wa pili uwe ni tajiri mwingine, na wa tatu ni tajiri wa tatu. Mtoto huyo, na hasa akiwa ni mtoto wa maskini, atatoka na fahamu kwamba sadaka ni fedha na kwamba nyumbani kwao hamna sadaka.

Fahamu kama hiyo iliwahi kuwajia baadhi ya masahaba mafukara. Katika Hadithi ya Abu Dharr (R.A.) iliyopokewa na Muslim, walimwendea Mtume (S.A.W.) wakilalamika kwamba wenye mali wameondoka na thawabu zote, kwani wanaswali kama wao, wanafunga kama wao, kisha wanatoa sadaka ya ziada. Mtume (S.A.W.) aliipanua maana kwa mifano mfululizo: tasbihi ni sadaka, takbiri ni sadaka, kuamrisha mema ni sadaka, kukataza maovu ni sadaka, na hata mtu na mkewe katika halali, humo mna sadaka. Mifano hiyo haifanani kwa umbo. Mmoja ni wa ulimi, mwingine ni wa kuwatengeneza watu, mwingine ni wa chumbani. Kwa kuwa haifanani kwa lolote isipokuwa kheri, msikilizaji halazimiki kuambiwa kwamba sadaka ni kheri, anaigundua mwenyewe.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza. Tukitaka mwanafunzi ashike kile kinachounganisha mambo yaliyo mbalimbali, tumpe mfano wa kwanza ulio wazi na wa kawaida, kisha tumfuatishie mifano yenye maumbo tofauti, karibu karibu, ili asiling'ang'anie umbo la ule wa mwanzo.

KITU NA KISICHO KITU

Lakini mifano ya "ndiyo" peke yake haitoshi. Mwanafunzi aliyefundishwa maji ya mvua, ya kisima na ya bahari huweza kudhani kwamba kila kiitwacho maji chafaa kwa udhu. Hapo ndipo mwalimu hodari huuliza: Na maji ya dafu je? Katika lugha yetu ni "maji", ni safi, ni halali kuyanywa, lakini hayatii udhu, kwa kuwa si maji kwa jina lake tupu. Ni maji yaliyofungamana na dafu. Swali hili likija mara tu baada ya maji ya kisima, mtoto huuona mpaka kwa macho yake. Likija baada ya miezi mitatu, katika mlango mwingine, litakuwa ni kioja cha kukariri tu.

Vivyo hivyo, maji ya bahari yafuatane na maji yaliyobadilika kwa kuchanganyika na kitu tohara kama vile chai. Mwanafunzi anayefikiri kwamba kila badiliko la ladha huondoa sifa ya kutwaharisha atakwama kwa bahari yenye chumvi. Atauliza kwa nini, na swali hilo ndiyo faida ya somo. Ataelezwa kwamba chumvi ya bahari ni ya asili ya makao yake, ilhali majani ya chai yamekuja kutoka nje yakayaondolea maji jina lake. Mifano miwili iliyo jirani, inayofanana sana lakini yenye hukumu tofauti, hufundisha zaidi kuliko mifano kumi yenye hukumu moja.

SOMO LA NUNI SAKINA

Natuingie sasa katika somo ambalo karibu kila madrasa hulifundisha: hukumu za nuni sakina na tanwini. Zinajulikana kuwa ni nne. Idhihari ina herufi sita za kooni. Idghamu ina herufi sita. Iqlabu ina herufi moja, nayo ni bee. Na ikhfaa ina herufi 15 zilizobaki. Jumla ni 28, na hapana herufi iliyoachwa.

Desturi iliyozoeleka ni hii: Jumamosi idhihari, mifano kumi ya idhihari. Jumapili idghamu, mifano kumi ya idghamu. Jumatatu iqlabu, Jumanne ikhfaa. Mtoto anasoma vizuri kila siku, mwalimu anafurahi, na mzazi anaambiwa kuwa mwanawe ameshaijua tajwidi. Kisha anafunguliwa msahafu, na anasoma kama ambaye hajapita darasani.

Sababu haiko mbali. Siku ya idhihari mtoto hakuwa na haja ya kuitazama herufi inayofuata nuni, kwa sababu jibu alishapewa kabla ya swali: leo zote ni idhihari. Alichokifanyia mazoezi ni kutamka, na hakufanya zoezi la kutambua. Msahafu haumwambii msomaji kwamba leo ni siku ya idghamu. Chukua Suratuz Zilzala, aya ya 7, ambayo watoto wetu wanaihifadhi wakiwa wadogo. Ndani ya aya hiyo fupi nuni sakina inakutana na yee, ikawa idghamu. Kisha tanwini inakutana na khee, ikawa idhihari. Kisha tanwini nyingine inakutana na yee, ikarudi kuwa idghamu. Zimekutana hukumu mbili katika mahali patatu, kwa pumzi moja. Qur'ani imechanganya, nasi tumemzoesha mtoto kwa kutenganisha.

Hivyo basi, utaratibu ulio bora ni huu. Kila hukumu ifundishwe kwanza peke yake kwa mifano michache, miwili au mitatu, mpaka sauti yake imkae mtoto ulimini. Baada ya hapo mifano ya hukumu zote nne ichanganywe bila ya kufuata foleni, na kabla ya kusoma kila mfano mtoto aulizwe: Herufi gani inafuata? Hukumu yake ni ipi? Atakosea mara nyingi katika wiki ya kwanza. Mwalimu na asiogope, kwani kujikwaa huko ndiko kunakomfunza kutazama.

Na vipi kuhusu vighairi? Neno "dunya", ambalo Waswahili tumelichukua likawa "dunia", lina nuni sakina na yee baada yake, na bado husomwa kwa idhihari, kwa kuwa zimekutana katika neno moja. Maneno ya namna hii katika Qur'ani ni manne tu. Mwalimu akianza na neno hili, atakuwa ameivunja kanuni kabla ya kuijenga. Akilisahau kabisa, mtoto atalisoma kwa idghamu maisha yake yote. Mahali pake ni baada ya kanuni ya idghamu kukaa sawasawa, na kabla mtoto hajakutana nalo peke yake.

Hata herufi zenyewe zina funzo. Mpangilio wa alifu, bee, tee, thee, ambao wanazuoni huunasibisha kwa Nasri bin Asim katika zama za Hajjaj bin Yusuf, umeziweka jirani herufi zinazofanana kwa umbo na kutofautiana kwa nukta, kinyume na mpangilio wa kale wa abjadi. Ujirani huo unamwezesha mtoto aone kwamba tofauti iko katika nukta. Lakini mtoto anayezijua kwa foleni peke yake amejua wimbo, hajajua herufi. Aonyeshwe jimu bila ya kutanguliwa na thee, na hapo ndipo itajulikana kama anaijua. Aidha, zile zinazochanganya masikioni ziwekwe pamoja, kama kafu na qafu. Kwa kuzikosea hizi mbili, neno lenye maana ya moyo hugeuka kuwa mbwa.

WALIYOYATHIBITISHA WATAFITI

Haya tusemayo yamepimwa pia na watafiti wa elimu na saikolojia katika zama zetu, na hekima ni kipotevu cha Muumini. Mwaka 2007 watafiti Rohrer na Taylor wa Chuo Kikuu cha South Florida, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio juu ya wanafunzi waliojifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne. Kundi moja lilipewa maswali ya umbo moja hadi yaishe, kisha umbo jingine. Kundi la pili lilipewa maswali yale yale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza liling'ara kwa wastani wa asilimia 89, na la pili likapata 60. Baada ya wiki moja walipewa mtihani. Kundi la kwanza liliporomoka hadi asilimia 20, na lile lililochanganyiwa likapata 63.

Mwaka uliofuata, 2008, Kornell na Bjork wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti juu ya watu waliojifunza kutambua kazi za wachoraji 12. Waliozitazama picha za wachoraji mbalimbali kwa kuchanganywa waliwatambua vizuri zaidi katika picha mpya kuliko waliozitazama za mchoraji mmoja mmoja. La ajabu ni kwamba wengi wa washiriki, hata baada ya mtihani, waliendelea kuamini kwamba utaratibu wa mmoja mmoja ndio uliowafaa zaidi.

Hapa pana onyo kubwa. Wepesi wa darasani humdanganya mwanafunzi, humdanganya mwalimu, na humdanganya mzazi anayekaa barazani akisikia sauti tamu ya watoto wakiitikia kwa pamoja. Kuitikia kwa pamoja mifano ya aina moja si ushahidi wa elimu. Ushahidi ni kile kinachobaki wiki ijayo, kwa mfano mpya, mtoto akiwa peke yake.

Lakini uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba kuchanganya si dawa ya kila maradhi. Mwaka 2014 Carvalho na Goldstone wa Chuo Kikuu cha Indiana walionyesha kwamba pale ambapo aina zinakaribiana sana na tatizo ni kuzitofautisha, kuchanganya hufaa zaidi. Na pale ambapo vitu vya aina moja havifanani na tatizo ni kuona kinachoviunganisha, kuviweka pamoja hufaa zaidi. Hii inaafikiana na tuliyoyatangulia kuyasema: mifano ya sadaka ifuatane, na hukumu za nuni zichanganywe. Mwalimu ajiulize kwanza: mwanafunzi wangu anakwama katika kuunganisha au katika kupambanua?

KOSA LINALOFIKA NYUMBANI KWA MJANE

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya darasani. Natumpe mfano wa mirathi, ambapo kosa la darasani hufika katika nyumba za watu.

Mwanafunzi amefundishwa fungu la mke. Mwalimu akampa masuala sita mfululizo, na katika kila suala marehemu ameacha mke na watoto. Mara sita ameandika thumuni, na mara sita amepata vema. Katika akili yake imejengeka kanuni isiyokuwamo kitabuni, kwamba mke ni thumuni. Miaka ikapita, akawa yeye ndiye anayeitwa mtaani kugawa mirathi. Amefariki mtu akamwacha mke na kaka yake mmoja wa baba na mama. Hakuacha mtoto, wala mjukuu, wala baba, wala babu. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, zimebaki shilingi 24,000,000. Kwa mazoea yake anampa mjane thumuni, yaani shilingi 3,000,000, na zilizobaki anampa kaka.

Lakini kwa mujibu wa Suratun Nisaa, aya ya 12, mke ambaye mumewe hakuacha mtoto ana robo. Haki yake ilikuwa ni shilingi 6,000,000, na kaka apate 18,000,000 kwa uasaba. Mjane, akiwa katika eda, amedhulumiwa milioni tatu. Aliyemdhulumu hakukusudia, na hakuwa mtu asiyesoma. Alisoma, ila mifano yake ilipangwa kwa namna iliyomzuia kuuliza swali la kwanza: Je, marehemu ameacha mtoto?

Lau masuala yale sita yangepangwa vingine, asingefika huko. Suala la kwanza, mke na watoto: thumuni. La pili, mke bila ya mtoto: robo. La tatu, mume na watoto: robo. La nne, mume bila ya mtoto: nusu. La tano na la sita yachanganywe na binti na mama. Hapo mwanafunzi ataona kwamba robo imetokea mara mbili kwa watu wawili na kwa sababu mbili, na kwamba kinachobadilisha fungu ni kuwepo au kutokuwepo kwa mtoto. Masuala ni sita yale yale kwa idadi, lakini elimu iliyopatikana si ile.

NENO LA IBN KHALDUN

Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, aliligusa suala hili katika Muqaddima yake. Alieleza kwamba ufundishaji wenye manufaa ni wa hatua kwa hatua, na kwamba fani irudiwe mara tatu. Mara ya kwanza ni kwa mambo makuu ya kila mlango, kwa ufupi, kwa kadiri ya uwezo wa mwanafunzi. Mara ya pili ni kwa maelezo yaliyopanda daraja, pamoja na hitilafu za wanazuoni. Mara ya tatu halibakii lililofungika ila limefunguliwa. Akawalaumu walimu wa zama zake waliowaanzishia wanafunzi kwa masuala magumu, wakidhani kuwa huko ndiko kufundisha vizuri, ilhali mwanafunzi huchoka, huiona elimu yenyewe kuwa ngumu, na huikimbia. Akaonya pia dhidi ya ukali wa kupindukia kwa watoto.

Ni kweli kwamba Ibn Khaldun alikataza kumchanganyia mwanafunzi fani mbili kwa wakati mmoja. Wala hilo halipingani na tuliyoyasema. Kuchanganya nahau na mirathi katika kikao kimoja kunaitawanya akili. Kuchanganya masuala ya jamaa moja ndani ya mlango mmoja kunainoa.

Wala asidhani mtu kwamba kupanga upya kwa ajili ya mafunzo ni kukosa adabu na Kitabu. Watoto wetu huanza Juzuu Amma kutoka Suratun Nas wakipanda juu, kinyume na mpangilio wa msahafu, na Imamu Nawawi katika At-Tibyan ameeleza kwamba kuwafundisha watoto kutoka mwisho wa msahafu kwenda mwanzo ni jambo zuri. Msahafu una mpangilio wake usioguswa, na mafunzo yana mpangilio wake kwa ajili ya maslahi ya mwenye kujifunza.

NASAHA KWA WAHUSIKA

Kwa walimu wetu watukufu, ambao wengi wanafundisha kwa ujira mdogo au bila ya ujira, tunanasihi mambo machache yasiyohitaji fedha. Mifano iandikwe kabla ya kuingia darasani. Kila fahamu mpya ianze na mfano ulio wazi anaoufahamu mtoto kutoka nyumbani kwao. Ufuate mfano wenye umbo tofauti na hukumu moja, kisha mfano wenye umbo moja na hukumu tofauti. Kighairi kije baada ya kanuni kusimama. Kila kikao kifunguliwe kwa maswali matatu au manne ya masomo yaliyopita, yakiwa yamechanganywa. Na mtihani usifuate foleni ya kitabu.

Kwa kamati za madrasa na waandaaji wa mitihani na mashindano, tunaomba wasiipime madrasa kwa idadi ya kurasa zilizokwisha. Waulize mfano mpya, nje ya mpangilio, na hapo watajua nani amefundishwa.

Kwa wazazi, mtoto akirudi kutoka chuoni msimuulize tu amefika wapi. Mfungulieni msahafu mahali popote alipokwisha kupasoma, mumuulize kwa nini hapa amesoma hivi na pale vile. Na akikosea, msiharakie kumwita mjinga. Huenda anayo mifano yote inayohitajika, ila haikupangwa. Kupanga kwake ni amana iliyo shingoni mwetu sisi tuliotangulia kusoma.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape walimu wetu subira na busara, awafungulie watoto wetu fahamu, na aifanye elimu yetu kuwa ni hoja kwa ajili yetu wala isiwe hoja dhidi yetu. Amin. Wabillahi tawfiq.